Shajara ya mradi: Leipzig ndani ya redio ya Bibi

12 Aprili 2025. Nilicho nacho mkononi

Nimerudi Dar wiki mbili zilizopita baada ya muhula mmoja wa chuo Leipzig, Ujerumani, kuanzia Oktoba 2024 hadi Machi 2025. Kila ninayekutana naye ananiuliza, "Enhe, Ulaya kukoje?" Nami najibu "baridi", halafu maneno yananikauka. Mtu pekee aliyetaka jibu refu ni Bibi, mama yake baba, aliyeko Pangani. Kwenye simu alisema, "Usinieleze sasa hivi, hela yako inakwenda. Niletee."

Mradi wenyewe ndio huo: kumpelekea. Nataka nitoe kwenye muhula mzima kumbukumbu ishirini na kidogo nilizozipenda kuliko zote, nizipange zimfikie akiwa kwake, bila mimi kuwepo kutafsiri. Naweka maandishi haya pamoja na hela iliyotumika kwa sababu wenzangu kadhaa waliowahi kusoma nje wana simu zilizojaa picha ambazo hata wao hawazifungui. Anayetaka kuiga, aige.

Malighafi: picha 3,412, video 140, sauti 61 (nyingi nilimrekodia mdogo wangu kwa WhatsApp), na boksi la viatu lenye risiti, tiketi, majani makavu matatu na karatasi ya ratiba ya kanisani. Bajeti ni laki moja, nauli mbali. Umbo: albamu ya picha. Hapo ndipo nilipokosea, lakini nitafika.

19 Aprili. Kuchagua

Nilianza kwa kufuta. Picha za chakula kama mia nne ziliondoka na hakuna hata moja niliyoililia. Siku ya pili nikakwama. Niligundua nina picha 57 za mnara wa Völkerschlachtdenkmal, ule mzito wenye urefu wa mita 91 uliofunguliwa 1913 kukumbuka vita vya 1813 dhidi ya Napoleon, na sina hata moja ya jiko la korido yetu, nilikokaa kila jioni kwa miezi sita. Mnara niliuona nikitoka tu mlangoni, upo mwisho wa barabara. Jiko sikuwahi kulipiga kwa sababu sikudhani litakuja kuwa kumbukumbu.

Marekebisho: niliweka simu chumba kingine, nikachukua kalamu, nikaandika kwa kichwa mambo ninayoyakumbuka bila kujilazimisha. Dakika ishirini, mambo 26. Nilipoyalinganisha na simu, mambo tisa tu ndiyo yenye picha. Kama unafanya kazi hii, anza na orodha ya kichwani, picha zije baadaye. Mimi orodha niliipenda, nikaikunja, nikaendelea na albamu kama kawaida, kwa kuwa nilishawatangazia watu kuwa natengeneza albamu.

3 Mei. Albamu

Nilisafisha picha 60 kwa shilingi 700 moja. Makosa mawili yalinigharimu. La kwanza, baadhi nilizichukua kutoka WhatsApp badala ya simu yenyewe, na WhatsApp ilikuwa imeshazibana. Kwenye kioo cha simu zinapendeza, kwenye karatasi watu wana nyuso za uji. La pili, picha ya simu haina umbo sawa na karatasi ya inchi 4 kwa 6, ni fupi na nene zaidi, kwa hiyo mashine ikakata juu na chini. Wenzangu wa korido walirudi bila vichwa. Picha 14 nilizisafisha upya baada ya kuzipunguza mwenyewe kwanza. Albamu 18,000, gundi na kalamu ya fedha 4,500. Jumla ya hatua hii: 74,300.

10 Mei. Pangani. Albamu imefeli

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umenenepa au ni koti?"

Kwa wasiojua utani wetu, bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, maana wote mume wao ni Babu. Babu yeye hacheki, anakunywa kahawa.

Nilimpa albamu. Aliishika kwa mikono miwili, akafunua ukurasa wa kwanza, akasema "Maashallah." Akafunua wa pili, "Maashallah." Ukurasa wa tano ulikuwa na picha yangu mwenyewe, peke yangu, karibu kabisa. Akauliza, "Na huyu nani?"

Macho ya Bibi yana mtoto wa jicho, yote mawili. Anaona mwanga na vivuli. Nyumbani kila mtu alijua isipokuwa mimi, kwa sababu nilikuwa mbali na waliona wasinitie wasiwasi. Shangazi anashughulikia upasuaji wa jicho moja. Nilikaa pale na albamu ya elfu sabini na nne mapajani mwa mtu asiyeiona, na yeye anaendelea kuifunua polepole asinivunje moyo.

Usiku, nikitafuta kitu kingine kwenye simu, niligusa sauti moja bila kukusudia. Ni mashine ya chupa. Ujerumani ukinunua maji kwenye chupa ya plastiki unalipa na senti 25 za chupa yenyewe. Ukiirudisha dukani, unaitumbukiza kwenye tundu ukutani, mashine inaizungusha, inaisoma, inaimeza na kuiponda, kisha inakutolea risiti ya hela yako. Niliirekodi wiki ya kwanza nikimwonyesha mdogo wangu: krrr, tii, kwaa, krrr, tii, kwaa, na sauti yangu nyuma nikihesabu kama mpiga mnada.

Bibi alikaa wima. "Rudia." Nikarudia. "Chupa tupu wanakulipa?" Nikamwambia senti 25, kwa wakati ule kama shilingi mia saba. "Mia saba kwa chupa moja! Na wewe ulirudi kufanya nini?"

Tulisikiliza mara sita. Nikaichukua ile orodha ya mambo 26 mkobani.

24 Mei. Kuanza upya, kwa sauti

Sauti 61 pamoja na zilizomo ndani ya video 140. Nilizipitia zote kwa jioni nne. Zilizolingana na orodha yangu zilikuwa 19, zaidi ya maradufu ya picha. Nyingi sikurekodi kwa kukusudia. Zimo nyuma ya video ya kitu kingine.

Yaliyonisumbua:

Sauti za WhatsApp ni faili la aina ya opus. Simu inalicheza, redio za kuchaji za mtaani hazilijui kabisa. Lazima ubadilishe kuwa MP3. Nimetumia programu ya Audacity kwenye kompyuta, ni ya bure. Kwa maneno ya mtu, kilobiti 128 kwa sekunde zinatosha, mkondo mmoja, hakuna haja ya spika mbili.

La pili ndilo lililoniumiza. Moja ya kumbukumbu zangu kubwa ni siku moja Februari, baridi iliposhuka sana, bwawa dogo la bustani ya Clara-Zetkin likaganda. Rafiki yangu wa darasani akaokota jiwe, akalirusha juu ya barafu. Jiwe liliporuka-ruka, bwawa zima lililia kama ndege: tyuu, tyuu, tyuu, mlio unaoanza juu na kushuka. Sababu yake ni kwamba ndani ya barafu sauti nyembamba hukimbia haraka kuliko nzito, kwa hiyo sikio linaanza kupokea zile nyembamba. Nilirusha mawe mpaka vidole vikafa ganzi. Nilirekodi kwa WhatsApp. Nikisikiliza sasa, nasikia kicheko changu safi kabisa na barafu haipo: simu ilichuja kila kisichofanana na sauti ya mtu. Niliokoa kwa bahati tu, kwa kuwa rafiki yule alipiga video ya sekunde kumi na nane. Nilimwomba aitume kama faili, si kama video ya kawaida, isibanwe tena. Ukirekodi mazingira, tumia kinasa sauti cha simu chenyewe, usitumie ujumbe wa sauti.

Theluji je? Hakuna cha kusikia. Ndiyo kilichonishangaza asubuhi ile, mji mzima umewekewa mto usoni. Nina sekunde 40 za hatua zangu tu. Nimeziweka hivyo hivyo.

14 Juni. Redio

Nilinunua Kariakoo redio ndogo ya kuchaji yenye tundu la memori kadi, 25,000, na kadi ya GB 64 kwa 20,000. Muuzaji aliniapia inasoma kila kitu. Haikusoma. Redio za aina hii nyingi zinataka kadi iliyopangwa kwa mpangilio uitwao FAT32, na kadi kubwa kuliko GB 32 huja na mpangilio mwingine. Nikanunua ya GB 8 kwa 9,000, ikasoma papo hapo. Mradi wote umechukua chini ya MB 100, kwa hiyo hata GB 8 ni ukumbi mtupu. Ile kubwa nimeiweka kwenye simu yangu, lakini hesabu ya hasara naiandika.

Tatizo la pili lilinila siku mbili. Niliyapa mafaili namba, 01 mpaka 22, nikayabeba yote kwa pamoja nikayatua kwenye kadi. Redio ikaanza na 14, ikafuata 03. Nikabadilisha majina, wapi. Redio haisomi majina. Inacheza kwa jinsi mafaili yalivyoandikwa kwenye kadi, aliyetangulia ndiye wa kwanza. Dawa: futa kadi yote, kisha nakili faili moja moja kwa mfuatano unaoutaka. Inachosha, inafanya kazi. Halafu binamu yangu aliyeniazima kompyuta anatumia ya Apple, ambayo huacha vijifaili vya siri kwenye kadi. Redio ilijaribu kuvicheza na kutoa kimya cha sekunde mbili mbili. Nilirudia kwenye kompyuta ya Windows.

Vitufe vyote ni laini na vinafanana. Nilibandika ushanga mmoja kwenye cha kucheza, mbili kwenye cha kwenda mbele. Shilingi 500.

5 Julai. Kujirekodi

Sauti tupu haitoshi. Bibi hajui tramu, ile treni ya barabarani mjini, na tramu bila maelezo ni chuma kinachosaga chuma. Kila namba inahitaji mimi nizungumze.

Mara ya kwanza niliandika, nikasoma. Mdogo wangu alisikiliza dakika moja akasema, "Hii taarifa ya habari?" Kweli nilikuwa nimeanza na "Mji wa Leipzig unapatikana mashariki mwa Ujerumani." Nikafuta.

Mara ya pili bila karatasi. Namba moja ikafika dakika 19, na nusu yake ni daladala la nje na jogoo wa jirani. Nikafuta.

Mara ya tatu ndiyo iliyokaa. Nilimketisha mdogo wangu mbele yangu, ndani ya kabati la nguo lililo wazi ili nguo zimeze mwangwi, saa tano usiku, nikampa kazi ya kuwa Bibi. Anauliza kama anavyouliza yeye: "Mlikula nini?" "Mvua ilinyesha?" "Huyo mtu ana mama?" Najibu. Baadaye maswali nikayakata, majibu yakabaki. Ghafla nasikika kama mtu anayemsimulia mtu. Kikomo: dakika nne kwa kila namba.

Kwa anayetaka kujua kilichomo, niandike chache, hasa zile zilizonigomea.

Namba 2, anwani. Hosteli yetu ilikuwa Straße des 18. Oktober, yaani Barabara ya Tarehe 18 Oktoba. Sauti ni tangazo la tramu likitaja kituo cha Deutsche Nationalbibliothek, maktaba inayotunza kila kinachochapishwa kwa Kijerumani tangu 1913. Nilipita hapo kila siku na boksi langu la viatu likiwa chini ya kitanda.

Namba 4, saa moja na nusu. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote na haina sauti ya tukio lenyewe, maana tukio lenyewe nililikosa. Darasa letu lilikuwa linakwenda Dresden kwa treni. Mwalimu alisema tukutane stesheni kuu "halb acht". Mimi nikafasiri: acht ni nane, halb ni nusu, basi nane na nusu. Kumbe kwa Kijerumani ni nusu ya kuelekea nane, yaani saba na nusu, ambayo kwetu ni saa moja na nusu asubuhi. Nilifika saa mbili na robo nikijiona mwerevu kwa kuwahi. Treni ilikuwa imeondoka dakika arobaini nyuma na wenzangu wote.

Nililia kidogo kwenye benchi, nikanunua chai, nikaingia mjini bila mpango. Ndipo nikafika kanisa la Nikolaikirche. Nilikuwa nalijua kwa masomo: sala za amani za kila Jumatatu tangu 1982, na usiku wa tarehe 9 Oktoba 1989 watu kama 70,000 waliotembea kwa amani kwenye barabara ya mzunguko, na serikali ya Ujerumani Mashariki haikufyatua risasi. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni nguzo zake. Nguzo za ndani, nyeupe, zinapanda mpaka juu halafu zinachanua makuti. Makuti ya kijani, yamejipinda kama mnazi ulioshiba. Nimetoka Pangani, nimekosa treni, nje ni nyuzi nne, na nimesimama katikati ya shamba la minazi. Uwanjani nje kuna nguzo moja kama hizo, imesimama peke yake, makuti hewani. Nilikaa chini yake mpaka kengele zikalia, na kengele hizo ndizo nilizorekodi.

Wenzangu walirudi jioni na picha za Dresden. Nazikumbuka? Hata moja.

Namba 7, darasa la Kiswahili. Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili, nami nilikuwa nakwenda kuzungumza na wanafunzi. Kijana mmoja, sarufi yake imenyooka kuliko ya baba yangu, alieleza kwa nini alichelewa kurudi kutoka likizo: "Ndege wangu alikuwa mgonjwa." Nikampa pole, nikamuuliza kama ni kasuku. Ilikuwa eropleni, imepata hitilafu.

Namba 8, ugali. Sauti ya mwiko. Mara ya kwanza nilinunua unga wa mahindi wa kukoboa kwa chembe, ule wa polenta, nikasonga saa nzima nikapata mchanga. Mara ya pili nilikwenda Eisenbahnstraße, mtaa wenye maduka ya watu wa kila mahali, nikapata unga mweupe laini. Jiko la korido lilijaa. Mwenzetu mmoja kutoka Georgia alikula kwa mkono wa kulia bila kuelekezwa, akasema kwao pia kuna uji mzito wa mahindi. Sina picha, nina mwiko.

Namba 12, kanisa la Thomaskirche. Ijumaa jioni kwaya ya wavulana huimba hapo. Bach, yule mtunzi wa muziki, aliiongoza kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, na kaburi lake limo humo humo. Kurekodi kulikuwa kumekatazwa, nikazima simu kweli. Kwa hiyo namba 12 ni mimi tu naeleza, na karatasi ya ratiba ikichakacha mkononi kama sauti ya pekee. Nilijaribu kuweka muziki niliopakua mtandaoni uwe nyuma. Ulisikika kama tangazo la benki. Nikautoa.

Namba 15, jua. Desemba jua linazama saa kumi alasiri. Nimeeleza jinsi adhuhuri, alasiri na magharibi zinavyopandana, na kwamba saa moja asubuhi, saa ya kwanza ya mchana kwa hesabu yetu, bado ni usiku wa manane.

Namba 18, mateka. Nitaieleza chini.

Namba 21, futari. Ramadhani iliingia 1 Machi. Wenzangu wa korido, wengi si Waislamu, walianza kuahirisha chakula chao cha jioni mpaka wakati wangu, kama saa kumi na mbili hivi, bila kujadiliana. Kila siku mmoja wao alikuwa dirishani anatazama simu: "Bado dakika tatu. Bado mbili." Niliirekodi siku ya nne.

26 Julai. Pangani tena. Jaribio la pili

Nilimweka Bibi barazani, redio kwenye kiti, ushanga chini ya kidole. Nikakaa jikoni nisikie bila kuonekana.

Namba 1, chupa: kicheko. Namba 2: "Barabara ya tarehe! Sasa barua zinafikaje?" Theluji: "Anatafuna nini huyu?" Hapo nikajua maelezo lazima yatangulie sauti, si yafuate. Barafu: "Ndege gani huyo?" Nilikuwa nimeeleza kwamba ni bwawa. Akasikiliza tena. "Hapana, huyo ndege."

Namba 16, mkesha wa mwaka mpya, ilikuwa balaa. Leipzig usiku huo kila mtu anafyatua fataki mtaani, na mimi nilikuwa nimesawazisha mafaili kwa kilele: kila faili liliinuliwa mpaka sauti yake kubwa kuliko zote ifike juu. Sauti ya kawaida ya mtu ikabaki chini na fataki zikajaa mfululizo. Bibi alikuwa ameongeza sauti ili anisikie. Babu akamwaga kahawa. Kuku wakaondoka.

Namba 12, kwaya, niliiogopa. Alikaa kimya, kisha akasema, "Watoto wa kiume tu? Kama kaswida." Nikatoka jikoni nikamwambia ndiyo, kama kaswida, ila kwaya hiyo ipo tangu 1212. "Basi mwalimu wao alikuwa mkali."

Halafu namba 18. Katika semina moja mwalimu alitaja Hans Meyer, mtu wa Leipzig, wa familia ya wachapishaji, anayeandikwa kila mahali kuwa Mzungu wa kwanza kufika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba 1889, akiwa na Ludwig Purtscheller. Kisha akasema kwa kupita tu kwamba mwaka uliotangulia Meyer na mwenzake Oscar Baumann walikamatwa na watu wa Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, walipokuwa wakitoka Usambara, wakafungwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia. Nilinyoosha mkono nikasema mimi natoka Pangani. Darasa zima liligeuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza Leipzig kuwa mtu anayejua mahali kitu kilipotokea, nikaeleza mto, boma, pantoni ya kwenda Bweni, na kwamba Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, wiki kumi tu baada ya Meyer kusimama Kibo.

Babu aliweka kikombe chini. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno. "Sisi shuleni tulifundishwa ya kunyongwa. Hiyo ya mateka hatukufundishwa." Akataka irudiwe. Bibi akauliza fidia ilikuwa shilingi ngapi, nikasema zilikuwa rupia siku hizo. Babu akaichukua redio akaenda nayo barazani kwa wenzake wa bao. Hatukuiona mpaka magharibi.

23 Agosti. Toleo la pili na hesabu

Niliyobadilisha: kila namba inaanza na pigo moja la kidole mezani, ili Bibi ajue mpya imeanza, maelezo kwanza, sauti baadaye, na nimesawazisha kwa ukubwa unaosikika sikioni badala ya kilele. Audacity ina njia zote mbili, chagua hiyo ya pili. Fataki nimezishusha zaidi kwa mkono. Kadi nimeituma kwa mtu anayekwenda, ndani ya bahasha yenye kipande cha boksi isipinde.

Gharama zote hadi leo: albamu 74,300, redio 25,000, kadi isiyofaa 20,000, kadi inayofaa 9,000, kisoma kadi 5,000, ushanga 500, bando 15,000. Jumla 148,800. Nauli za Pangani mara mbili, kwenda na kurudi, 108,000. Anayeiga bila kurudia makosa yangu atatumia 54,500, na chini ya hapo kama redio anayo.

Albamu ipo kwa shangazi. Anaitumia kuwaonyesha wageni.

13 Septemba. Simu kutoka Pangani

Bibi amepiga mwenyewe, kwa simu ya shangazi. Maagizo matatu.

Fataki zitolewe kabisa, hata hizo zilizoshushwa. Ile ya Babu iwekwe kwenye kadi yake peke yake, kwa kuwa redio inashinda baoni na yeye anabaki na ukuta. Na ile ya chupa iwekwe mwanzo na iwekwe tena mwisho, asilazimike kuzunguka kote kuirudia.

Kadi mbili za GB 8, elfu kumi na nane. Nimeanza kunakili, moja moja.